Hodi Tatu Kwenye Ngome za Ukungu

Suruali yangu ya kijivu ilikuwa na siku tisa kwa Fundi Futi. Kazi yenyewe kukunja pindo tu, vidole vitatu, basi. Naitaja mapema ili mjue kwamba siku hiyo mimi nilikuwa na shida halali pale barazani. Sikuja kupiga domo kama wenzangu.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, liko kati ya mlango wa fundi cherehani na mlango wa kinyozi. Mimi nashona viatu kwenye ncha ya mwisho, penye jua, kwa sababu nilikuja wa mwisho, miaka kumi na mmoja iliyopita, na hapa cheo hakipandi. Fundi Futi tunamwita hivyo kwa ile futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake hata akienda msibani. Kinyozi ni Denge, jina la mtindo wa nywele ambao mwenyewe hajui kuunyoa. Katikati anakaa Mwalimu Kimya, mstaafu, miaka thelathini na minne darasani. Mpaka leo akitaka kusema neno anapiga paja na kuamrisha "Kimya!", na sisi watu wazima na ndevu zetu tunanyamaza. Halafu yuko Mama Birika, ambaye hakai kabisa. Anazunguka na birika lake la kahawa na vile vikombe vidogo visivyo na mikono, na asipokuja, hakuna kijiwe siku hiyo.

Basi Denge hakuwa na kichwa cha kunyoa, akawa anatusomea habari kwenye simu yake.

"Sikilizeni hii! Mwanamume acheza mchezo wa mtandaoni siku nne mfululizo, asahau mazishi ya mama mkwe."

"Huyo hakusahau," nikasema. "Huyo alipanga."

"Kimya!" Mwalimu akapiga paja. "Mchezo gani wa kumfanya mtu mzima asahau maiti?"

"Unaitwa Ngome za Ukungu. Unachagua wa kuwa, jitu, mchawi, mwindaji, unaingia kwenye nchi yao, unajiunga na kikosi, unapigana, unapanda cheo. Na hauna mwisho, ndio ubaya wake. Mpira una dakika tisini. Huu hauna filimbi."

"Hata tamthilia yangu haina mwisho," Mama Birika akasema huku anamimina. "Mwaka wa sita huu, yule binti bado hajajua baba yake nani."

"Lakini wewe Mama huingii ndani ya tamthilia."

"Nani kakwambia siingii? Jana nimeunguza kahawa nzima nikimkataza asiolewe na yule mwanasheria."

Tukacheka. Katikati ya kicheko, cherehani ikanyamaza. Ukikaa pale miaka kumi na mmoja unajua: cherehani ya Futi ikinyamaza ghafla, ama uzi umekatika ama kuna jambo. Akatoka mlangoni, pini tatu mdomoni.

"Unaitwaje huo mchezo?"

"Ngome za Ukungu."

Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kifuani kwenye shati. "Ndio huohuo. Nataka kuanza kuucheza."

Mimi nilijipiga nyundo kidoleni. Mwalimu alilishusha gazeti lake, gazeti la Alhamisi, alilokuwa analisoma tangu Alhamisi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Fundi Futi, wewe huyu huyu?"

Ili muelewe mshtuko wetu, angalieni ukutani nyuma ya cherehani. Kuna kirafu cha kuwekea nyuzi. Kile si kirafu, ni ubao wa drafti uliopigiliwa misumari. Zamani Futi alikuwa mgonjwa wa drafti, mgonjwa wa kulazwa. Siku moja ana pasi juu ya gauni la bibi harusi, akaitwa hapa benchini kucheza "mkono mmoja tu". Alipokumbuka pasi, gauni lilikuwa na alama ya pasi mgongoni, kamili, mpaka ncha yake. Bibi harusi aliingia ukumbini na mtandio mgongoni, kwenye joto lile, na hakuuvua mpaka mwisho. Tangu siku hiyo drafti imepigwa marufuku katika baraza hili, na aliyeipiga marufuku ni Futi mwenyewe.

"Mzee," Denge akasema, "wewe si mtu wa kuonjeshwa kitu. Drafti ina kete ishirini na nne tu ukaunguza harusi ya watu. Huu mchezo una nchi nzima!"

"Ataunguza mtaa," nikasema.

"Na suruali za watu hazijakunjwa," nikaongeza. Hakuna aliyenisikia.

"Kimya! Uraibu ni ugonjwa, jamani." Mwalimu akanyanyua kidole. "Unaanza na dakika tano. Kesho saa. Keshokutwa unakaa mahali pamoja toka asubuhi mpaka jioni, watu walewale, maneno yaleyale, nyumbani wanakutafuta, na ukiulizwa unafanya nini huko huna jibu."

Tukatazamana. Tulikuwa tumekaa pale toka asubuhi.

"Sisi ni tofauti," Denge akasema.

"Sisi tuko kwenye hewa," nikamuunga mkono. Mimi sina uraibu wowote, Mungu shahidi. Kuja hapa nakuja kwa kazi. Hata siku mke wangu alipojifungua nilipita kidogo tu, nikanywa viwili, nikaenda.

Mama Birika hakucheka. Aliweka birika chini, jambo ambalo halifanyi ovyo. "Hebu mwacheni aseme. Baba, una nini na huo mchezo?"

Fundi Futi akaikamata futi yake pande zote mbili kama mtu anayening'inia.

"Binti yangu yumo humo," akasema.

Habari ya binti tulikuwa tunaijua nusu. Tulijua alihamia mji mwingine, ameajiriwa kwenye ghala la madawa, miezi kumi na minne sasa. Nusu ya pili ndiyo aliyoitoa siku ile, amesimama mlangoni, hatutazami. Binti alikuwa anacheza huo mchezo kila jioni akirudi kazini. Baba akaona mtoto anapotea. Akamkanya, akamkanya tena, na jioni moja akaingia chumbani, akaing'oa kompyuta mezani na nyaya zake zikining'inia, akaitupa uani. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Hakulia," Fundi akasema. "Aliniambia neno moja tu. 'Baba, kuna watu arobaini wananisubiri.' Nikamwambia hao si watu. Wiki iliyofuata akahama. Mama yake anapigiwa simu. Mimi naambiwa 'msalimie baba'. Miezi kumi na minne nasalimiwa kama jirani. Nampigia, hapokei. Namwandikia, hajibu. Lakini mama yake anasema kila siku saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni yumo humo, hakosi. Ana cheo. Ni jemadari. Namtaka mwanangu, jamani. Mlango uliobaki ni huo."

Mwalimu akalikunja gazeti lake la Alhamisi.

"Na humo anaitwaje?" Mama Birika akauliza.

"Sindano."

"Sindano?"

"Ndivyo alivyojiita."

Mama Birika akatutazama mmoja mmoja, kama tumeiba kitu. "Mtu asiyemtaka baba yake fundi, ajiite Sindano? Nyie wanaume mna akili kweli?"

Denge akasema huruma ni huruma, na hatari ni hatari. Mlevi hapelekwi kilabuni kumtafuta mtoto wake. Mwalimu akaafiki. Mimi nikaafiki, nikiwaza suruali. Basi ikabidi tupige kura.

Kura yetu ni ya vikombe. Jambo zito likija, unamaliza kahawa yako, unaweka kikombe mbele yako juu ya benchi. Kikisimama, ndiyo. Kikilala kifudifudi, hapana. Mwenye shauri hapigi. Ndivyo tulivyoamua Denge aoe, na ndivyo tulivyoamua mwaka uliofuata asiwaambie watu kwamba sisi ndio tuliomshauri.

Tukamaliza kahawa. Tukaweka vikombe. Mwalimu alikuwa ameshakishika chake kwa vidole viwili anataka kukigeuza, Mama Birika akapita mbio na birika.

"Ngojeni niwaongeze, imebaki ya mwisho."

Akajaza cha Mwalimu. Akajaza cha Denge. Akajaza changu, mpaka ukingoni, moshi unatoka. Chake mwenyewe akakisimamisha. Halafu akahesabu kwa sauti, "Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Vimesimama vyote. Ndiyo nne, hapana sifuri."

"Huu ni wizi wa kura!" Mwalimu akafoka.

"Kigeuze basi, Mwalimu. Mwaga."

Mwalimu akaitazama ile kahawa. Katika maisha yake hajawahi kumwaga kahawa. Akainywa haraka haraka, ikamchoma ulimi, akakilaza kikombe kifudifudi machozi yanamlengalenga.

"Umechelewa," Mama Birika akasema. "Matokeo yameshatangazwa."

Kesho yake, saa kumi na moja kasoro, tukakusanyika. Fundi Futi ana simu ya vitufe, ya kupiga na kupokea, kwa hiyo mchezo uliwekwa kwenye simu ya Denge. Denge alikuwa na mteja kitini, amenyolewa upande wa kulia tu. Akamwambia, "Dakika moja, kaka." Mteja akangoja, akachoka, akatoka na taulo lake shingoni, akasimama nyuma yetu kutazama, na kichwa chake nusu.

"Chagua wa kuwa, mzee. Jitu hili hapa! Ona mikono!"

"Kimya! Achague mchawi. Mchawi anatumia akili."

"Fundi cherehani hakuna?" Futi akauliza.

"Hakuna."

"Nchi nzima hakuna fundi? Na hizo nguo walizovaa kashona nani?"

Akachagua mwindaji mzee, kwa sababu ana ndevu na anaonekana ana heshima zake. Mwindaji akatokea kwenye kioo, amevaa matambara. Fundi akaisogeza simu puani.

"Kwapa limefumuka. Kola imekatwa kwa mkasi butu. Pindo halipo kabisa! Mnanipeleka mbele ya mwanangu na hili?"

"Wote wanaanza hivyo. Nguo nzuri unazipigania."

"Nguo hazipiganiwi. Nguo zinapimwa."

"Jina, mzee. Tuweke Simba wa Chuma. Au Radi ya Kaskazini."

"Andika Baba Sindano."

"Mzee, humo watu wanajiita majina ya kutisha."

"Ugenini unajitambulisha kwa mtu unayemjua," Futi akasema. "Na mimi humo namjua mmoja. Andika."

Ikaandikwa. Jina likakaa juu ya kichwa cha yule mwindaji, herufi nyeupe. Mbele yake ukungu, na katika ukungu ngome, na ngome ina lango kubwa, na langoni amesimama mlinzi na mkuki.

"Haya, ingia," Denge akasema. "Sukuma kidole hapa."

"Nitaongeaje?"

"Uongee na nani? Yule ni kompyuta, mzee, si mtu. Ingia tu."

"Nitaongeaje?"

Denge akamwonyesha pa kuandikia. Fundi akaandika kwa kidole kimoja, kile chenye sugu ya kusukumia sindano, herufi moja baada ya nyingine, na midomo yake inaifuata. *Hodi.*

Mlinzi akasema jambo kwa maandishi ya kigeni. Mwalimu akatafsiri: "'Lango liko wazi, msafiri. Jihadhari na ukungu.'"

"Amesema karibu?"

"Amesema lango liko wazi."

"Lango kuwa wazi si karibu. Mimi mlango wangu uko wazi toka asubuhi, anaingia mtu bila salamu?" Akaandika tena. *Hodi.*

"'Lango liko wazi, msafiri. Jihadhari na ukungu.'"

Tukangoja. Watu walikuwa wanapita, majitu, wachawi, mmoja amempanda chui, wanaingia langoni bila hata kugeuka. Futi akawa anawatazama kwa masikitiko. Akaandika mara ya tatu. *Hodi.* Mlinzi akarudia lilelile. Fundi akahesabu kimoyomoyo, tukamwona midomo, halafu akamrudishia Denge simu.

"Hodi tatu. Hawapo, au hawataki mgeni leo. Nitarudi kesho."

"Mzee! Umecheza dakika nne!"

"Kimya!" Mwalimu akashika kichwa. "Huyu ndiye tuliyeogopa atalewa?"

Siku ya pili ikawa vilevile. Hodi, hodi, hodi, akarudisha simu, akarudi kwenye cherehani. Siku ya tatu wachezaji wawili walisimama pembeni wakamtazama. Mmoja akaandika, *Huyu mzee anaongea na mlinzi?* Siku ya nne walikuwa kumi na kitu, wamekaa kwenye mawe kama wamekuja kwenye mechi, na mmoja, jitu lenye shoka mbili, akaandika, *Karibu mzee!*

Benchi zima tukashangilia. Mteja wa Denge, mwingine huyu, na sabuni kidevuni, akashangilia. Fundi akatunyamazisha kwa mkono, akaandika polepole: *Wewe ndiye mwenye nyumba?*

*Hapana, napita tu,* jitu likajibu.

*Ahsante, lakini huwezi kunikaribisha kwa watu.*

Akarudisha simu. Hapo Denge akapandwa na hasira. Akasema amechoka, simu ni yake, wateja wanakimbia na vichwa nusu mtaani wanamharibia jina, na mchezo hauchezwi. "Unaogopa nini, mzee? Si uingie tu, umtafute mtoto, umwambie samahani, yaishe!"

Mama Birika ndiye aliyeuliza, taratibu, huku anamimina cha Fundi kwanza, kabla ya cha Mwalimu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Baba. Siku ile chumbani kwake, uliingiaje?"

"Nilipiga mlango teke," Futi akasema. "Sikupiga hodi. Mtoto wa miaka ishirini na mitatu, chumbani kwake. Sikupiga hodi." Akainamisha kichwa, futi ikaning'inia mpaka magotini. "Sasa siingii popote alipo mpaka aseme karibu yeye mwenyewe. Hata nikizeeka pale getini."

Denge akaitazama simu yake. Akaipangusa kioo kwa shati. "Basi kesho tuanze mapema," akasema, "niichaji kabisa."

Siku ya tano jitu lenye shoka mbili lilileta wenzake. Mmoja akauliza, *Baba Sindano, Sindano gani?* Fundi akaandika: *Binti yangu.* *Yule jemadari?* *Ndiye.* Halafu, mmoja mmoja, wakatoweka ndani ya lango, mbio, kama watu waliokumbuka sufuria jikoni.

Siku ya sita nilikuja bila kiatu hata kimoja cha kushona. Nilikuja tu, siwezi kuwadanganya. Mwalimu alikuwa amevaa koti. Saa kumi na moja kamili, Baba Sindano akasimama mbele ya lango na matambara yake, na pale nje hapakuwa na mtu. Hakuna jitu, hakuna chui. Mlinzi tu na mkuki.

*Hodi.*

"'Lango liko wazi—'"

"Tumeshaijua, Mwalimu," nikasema.

Ukungu ukasogea. Akatoka mtu, joho jekundu mpaka chini, upanga mgongoni, na juu ya kichwa: *Sindano*. Nyuma yake, ndani ya lango, wamejaa watu wamesimama kimya. Denge alijaribu kuwahesabu, akaishia thelathini na nane.

Sindano akasimama. Hakuandika kitu.

"Pindo limenyooka," Fundi akanong'ona. "Angalieni pindo la joho."

*Hodi,* akaandika mara ya pili. Akaikosea, akaifuta, akaianza upya.

Sindano hakuandika kitu.

Mama Birika alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili, kahawa inammwagikia miguuni, hana habari. Mwalimu alipiga paja lakini "Kimya" haikutoka.

*Hodi.*

Tukangoja. Nilihesabu pumzi zangu mpaka ishirini. Fundi akahema, akaanza kuinyanyua simu amrudishie Denge. Ndipo herufi zikatokea.

*Karibu, baba.*

Sitawaeleza kelele zilizopigwa pale barazani. Mwenye duka la ng'ambo alifunga mlango akidhani ni ugomvi. Fundi hakuweza kuandika. Akampa Denge aandike, Denge naye macho yamejaa maji, haoni herufi. Ikabidi Mwalimu achukue simu, na miwani yake, na Fundi akamtajia neno kwa neno: *Ahsante mwanangu. Sikai sana. Nimepita tu kuwasalimia.*

Akaingia langoni.

"Nimepita tu." Hayo aliyasema mwezi na nusu uliopita.

Sasa hivi anavyoniambia Denge, katika Ngome za Ukungu kuna kibanda upande wa kushoto ukiingia, kimeandikwa Baba Sindano. Kumbe humo mtu anaweza kujifunza ufundi wa nguo, hakuna tu aliyekuwa na subira nao. Jeshi zima la jemadari lilikuwa limefumuka makwapa. Kila jioni saa kumi na moja majitu na wachawi wanapanga foleni, na Fundi anawapima. Na Fundi ni fundi. Anawaambia njoo kesho. Wakija kesho, anawaambia njoo Ijumaa. Binti yake sasa anampigia kwenye ile simu ya vitufe kila Jumapili, na kwa tunavyosikia upande wetu, maongezi yote ni malalamiko ya wateja.

"Umeshamwomba radhi ya kompyuta?" Mama Birika humuuliza kila siku.

"Nitamwomba. Kesho."

Denge amejinunulia simu nyingine, ile ya kwanza iko kwa Fundi na ameshaisamehe. Mwalimu ni mkalimani rasmi na anajua majina ya ngome zote. Mimi tu ndiye niliyebaki na akili timamu, na suruali yangu ikafikisha siku hamsini na nane.

Basi juzi nikaamka na hasira. Nikamkuta Fundi mlangoni, simu mkononi, kidole kinakwenda. Suruali yangu naiona kabisa nyuma yake, kwenye rundo, na chaki yake bado.

"Fundi, leo sitoki hapa. Nipe suruali yangu."

"Kesho."

"Kesho ya lini? Nina shughuli Jumamosi! Zima hicho kitu unikunjie pindo, dakika kumi!"

Hakuinua hata macho. "Siwezi kuacha sasa hivi, bwana," akasema. "Kuna watu arobaini wananisubiri."

Denge aliisimamisha mashine ya kunyolea katikati ya kisogo cha mtu. Mama Birika aliacha kumimina.

Fundi alikuwa bado anaandika. Kidole kikapunguza mwendo, kikasimama. Akayasikia aliyoyasema. Tuliona kabisa maneno yanamrudia, yanapanda shingoni mpaka masikioni. Akakaa kwenye kizingiti, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Maneno hayohayo," akasema. "Hayohayo, jamani."

Akainamia simu, akaandika kwa muda mrefu. Denge akamchungulia begani, akatusomea kwa sauti ya chini: *Mwanangu, ile kompyuta nilikosa. Nilikosa kuitupa, nilikosa kupiga mlango teke. Walikuwa watu. Nisamehe.*

Jibu halikuchelewa, nalo Denge akalisoma.

*Nilisamehe kwenye hodi ya pili, baba. Ya tatu nilitaka tu kuona kama utapiga. Nani anakupigia kelele hapo, mbona umeacha kazi?*

*Fundi viatu. Suruali yake.*

*Baba! Ile uliyoniambia mwezi uliopita? Toka humu ushone suruali ya watu. Nafunga kibanda.*

Na akakifunga kweli, jemadari ni jemadari. Fundi akajipangusa uso kwa futi, akaingia ndani, tukasikia cherehani inalia. Mwalimu akasema, "Kimya," bila sababu. Mama Birika akatujazia vikombe vyote, na hapakuwa na kura yoyote.

Jumamosi nimeivaa. Mguu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa vidole viwili. Nilipita nayo pale barazani, nikakaa kwenye ncha yangu, Fundi akaniuliza imekaaje.

"Imekaa vizuri sana, Fundi," nikamwambia, na nikaukunja mguu wa kulia ndani ya soksi.